Mwizi wa Vigae

Mama mkwe wangu alipoishika mikono yangu kwa mara ya kwanza, aliigeuza pande zote mbili kama anayekagua kuku gulioni, akasema hii ni mikono ya kukamulia. Hakukosea. Nilizaliwa katika nyumba ya wafugaji, na hadi naolewa nilikuwa sijawahi kushika udongo isipokuwa ule wa kusiribia ukuta. Sasa nilikuwa nimeletwa kwenye nyumba ya wafinyanzi, juu huku Iramba, mwendo wa asubuhi moja kutoka Misigiri, na mume wangu hakuwa ameona sababu ya kunieleza kwamba mama yake ndiye aliyekuwa akifinyanga vyungu vya nusu ya nchi. Alidhani kila mtu anajua.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, na wanaume waliorudi walitembea kwenye jua kali wamevaa makoti mazito ya jeshi ili tusisahau walikotoka. Mume wangu hakwenda vitani. Yeye aliogopa vitu viwili tu duniani, mama yake na kelele, na kwa kuwa mara nyingi vilikuja pamoja, alikuwa mtu wa kushinda machungani.

Ukimtaja mfinyanzi, watu humwona mama aliyekaa kivulini akipapasa chungu. Hawaoni kazi ya punda iliyotangulia. Udongo unachimbwa bondeni, unabebwa kichwani kupanda mlima, unaanikwa, unapondwa, unachekechwa, unalowekwa, unakandwa kwa miguu mpaka magoti yanalia. Halafu unatiwa vigae. Vyungu vilivyovunjika havikutupwa kwetu. Vilipondwa, vikasagwa kwenye jiwe mpaka vikawa chenga chenga, mfano wa unga uliosagwa na mvivu, kisha vikachanganywa na udongo mpya. Udongo mtupu hupasuka motoni. Kigae kimeshapita motoni, hakishtuki tena, na kinaushikilia huo mgeni usitapetape. Ndivyo nilivyofundishwa, na sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo hadi leo.

Kazi zote za punda zilikuwa zangu. Mwaka wa pili niliruhusiwa kuinua tumbo la chungu, pindi la udongo juu ya pindi, na kulilainisha kwa kipande cha kibuyu. Lakini mdomo ulikuwa wake. Gulioni watu hawakuuliza chungu hiki cha nani. Walipitisha kidole kwenye mdomo wake wakajua. Kwa hiyo nilihangaika na tumbo asubuhi nzima, nikatoka jasho, kisha yeye akanyanyuka pale alipokuwa akivuta ugoro, akazunguka mara moja, akafunga mdomo, na chungu kikawa chake. Mimi nilibaki mkandaji. Nilitaka kufunga mdomo wa chungu kuliko nilivyotaka kanga mpya, na kanga mpya niliitaka sana. Mwanamke asiyefunga mdomo hakuitwa mfinyanzi, hata akikanda miaka arobaini, na niliwajua wawili pale kijijini waliokuwa wamezeeka hivyo hivyo, miguu imepasuka na hakuna chungu hata kimoja duniani chenye alama yao.

Nilimwuliza lini. Akasema siku atakayofumba macho, akapitisha kidole, akashindwa kujua kama mdomo ni wake au wangu. Akaongeza kwamba kwa jinsi anavyoniona, huenda siku hiyo atakuwa amefumba macho moja kwa moja.

Sisi hatukuwa na gurudumu la kuzungushia chungu. Chungu hukaa kimetulia, anayezunguka ni mtu. Unainama, unabana ukingo kwa kipande cha ngozi laini kilicholoweshwa, halafu unakwenda kinyumenyume kukizunguka chungu, bila kusimama na bila kugeuka, mpaka mwanzo na mwisho wa mdomo vikutane. Mama mkwe alizunguka bila hata kuvuta pumzi ya pili. Mimi nilipojaribu kwenye chungu kibovu cha kujifunzia, nilikwenda kinyumenyume mpaka nikamkalia mbuzi. Nilirudia, nikagonga mlango. Niliporudia mara ya tatu nilikuwa nachungulia nyuma kila hatua mbili, na mdomo ukatoka na mawimbi. Alipitisha kidole chake, akasema mdomo huu unasengenya watu.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Siku akikusifu ungejua mvua inakuja.

Udongo wenyewe aliujua kwa ulimi. Shimoni alimega kipande, akakitia mdomoni, akakitafuna taratibu huku akitazama mbali, kama wengine wanavyoonja mchuzi. Wenye chumvi aliutema. Wenye mchanga mwingi aliutema kwa hasira. Unaonata kwenye ulimi ndio tuliojaza kikapuni. Aliniamuru nami nionje, na kwa mwaka mzima sikuonja chochote isipokuwa udongo. Siku moja nikasema huu una uchachu kidogo. Akanitazama, akaonja tena, akahamia upande wa pili wa shimo. Nililala nikiwa na furaha.

Na kutoka shimoni hadi nyumbani hatukuzungumza. Mwenye udongo kichwani haongei wala hasalimiwi. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile, kwamba udongo uliosikia maneno ya njiani utapasuka motoni. Majirani walijua, wakatupisha. Asiyejua alikuwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali. Alikuja siku moja kukagua mashamba ya mihogo, jumbe na karani wakimfuata, akatukuta njiani. Akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, hujambo mama. Mama mkwe akapita. Akarudia kwa sauti. Mama mkwe akazidi kupita, shingo imenyooka chini ya kikapu, nami nyuma yake. Jumbe alitoka jasho, akamweleza mkubwa wake kwamba mama huyu ni kiziwi tangu kuzaliwa na mkamwana wake ni bubu.

Tangu hapo kila Bwana Shauri alipofika kijijini alimfuata mama mkwe akampigia salamu sikioni kwa nguvu zake zote, na mama mkwe aligundua kwamba uziwi una faida. Walipotangaza kila nyumba iongeze matuta, hakusikia. Walipoita watu kwenda kufyeka barabara, hakusikia. Mimi ububu haukunisaidia kitu, kwa sababu bubu anaweza kulima.

Miaka hiyo sufuria zilianza kupanda huku kwetu kutoka kwenye maduka ya Wahindi wa Singida. Mama mkwe hakuzichukia kwa ajili ya biashara. Watu bado walihitaji mitungi ya maji na vyungu vya pombe, na bei ilikuwa ile ile ya tangu zamani: unakijaza chungu mtama, unamwachia mfinyanzi mtama, unaondoka na chungu. Alichokuwa akilalamikia ni kwamba sufuria haivunjiki. Inabonyea, inatoboka, inazibwa, inabonyea tena, lakini haiachi kigae. Kila nyumba iliyonunua sufuria ilikuwa imetupunguzia vigae, na alinituma kwa majirani kuomba vipande kama vile naomba moto.

Kisha zikaja habari kutoka Itigi. Huko ndiko alikoolewa wifi yangu, binti yake wa pekee, na mtu aliyefanya kazi ya reli. Alikuwa amejifungua, na mama mkwe akaamua kwenda kumlea. Ile reli ya kutoka Manyoni kuja Singida ilikuwa imeshang'olewa, kwa hiyo safari ilikuwa lori hadi Singida, lori jingine hadi Manyoni, halafu treni. Asubuhi ya kuondoka nilimwona akifunga kitu kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili. Nikadhani ni ugoro wa njiani. Alinigeukia mlangoni.

“Mkamwana, ukande, usifinyange. Nikirudi nikute udongo, nisikute vyungu.”

Nilisema sawa mama, na kwa siku mbili nilikuwa mtiifu. Siku ya tatu wazo lilinijia, na nilipolitazama vizuri niliona halina kosa hata moja. Kama atakaa Itigi mwezi mzima, ninao muda wa kujifunza kinyumenyume bila mtu wa kunicheka. Nitafinyanga, nitafunga midomo mwenyewe, atarudi, atapitisha kidole, atanyamaza. Niliona kabisa jinsi atakavyonyamaza. Niliwaza kila kitu isipokuwa vigae.

Vigae havikuwepo. Nilizunguka kijiji kizima. Nyumba ya kwanza walinionyesha sufuria yao kwa fahari. Nyumba ya pili walikuwa na kigae kimoja cha kubebea makaa, wakasema naweza kukichukua lakini nikirudishe jioni. Bibi mmoja alinipa mkono wa chungu, akanikumbusha kwamba mwaka jana pia alinipa kitu. Nilirudi na vipande visivyojaza hata kata ya maji, na udongo ulikuwa umeshakandwa, umelala chini ya majani ya mgomba ukinisubiri.

Ndipo nikapanda darini. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ya paa la udongo, na juu ya jiko palikuwa na dari ya miti ambapo moshi ulilinda mbegu zisiliwe. Nyuma ya mtama wa mbegu nilikuta kilindo cha gome kilichofunikwa ngozi ya mbuzi na kufungwa kamba. Sikuwa nimekatazwa kukigusa. Kusema kweli sikuwa nimeambiwa kwamba kipo. Nilifungua, nikaona vigae: vinene, vyeusi kwa moshi, na vilipogeuzwa kwenye mwanga vilikuwa na vichembe vinavyometameta, udongo ambao sikuwahi kuuona bondeni kwetu.

Sikufikiri mara mbili. Nilikasirika tu. Ananituma kuomba omba kwa watu mwaka mzima, mwenyewe amejaza darini! Nikashuka na kilindo nikiwa na hasira na shukrani kwa pamoja, nikakaa kwenye jiwe.

Vilikuwa vigumu ajabu. Siku mbili nilisaga, viganja vikatoka malengelenge, na kila nilipofikia kipande kikubwa nilimlaumu mama mkwe kwa uchoyo wake. Kimoja kilikuwa na alama za gunzi la muhindi, mistari mizuri iliyozunguka shingo, na niliposhika nyundo ya jiwe niliona haya kidogo kukivunja. Nilikivunja. Nikakung'uta kilindo, nikakirudisha darini kitupu, nikafunga kamba vile vile ilivyokuwa.

Nilifinyanga vyungu vinane na mtungi mmoja. Kabla ya kufunga midomo niliwafunga mbuzi. Sitajisifu sana, lakini siku ya mtungi nilizunguka mara moja bila kugeuka, bila kugonga kitu, na mwanzo ukakutana na mwisho. Nilisimama pale, mgongo unauma, nikacheka peke yangu uani. Niliupenda ule mtungi kuliko nilivyompenda mume wangu siku hiyo, naye nilimpenda.

Mama mkwe alirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Nilimwona kwa mbali kwenye njia ya kutoka barabarani, na juu ya kichwa chake kulikuwa na kitu kinachong'aa hata kikaniumiza macho. Alipokaribia nikaona ni sufuria, mpya kabisa, na ndani yake chupa ya asali ya Itigi. Mfinyanzi wa nusu ya nchi amebeba sufuria. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo mama, nikauma ulimi nisicheke.

“Marahaba,” alisema. “Ni zawadi ya wifi yako. Usiniulize.”

Sikuuliza. Alitua mzigo, akaviona vyungu vyangu vimepangwa kivulini, vikisubiri kukauka kabla ya kuchomwa. Hakugomba. Alikuwa amechoka, nadhani, au alitaka kitu cha kumfurahisha. Alikwenda moja kwa moja, akafumba macho kwa kejeli, akapitisha kidole kwenye mdomo wa chungu cha kwanza. Akasema hiki kimelewa. Cha pili akasema kina meno. Mimi nilikuwa nacheka kwa woga na raha. Alipofika kwenye mtungi kidole chake kilizunguka duara lote, kikarudi kilipoanzia, na hakusema kitu. Kilikuwa kimya kile kile nilichokuwa nimekiota, na kilidumu kwa muda wa mtu kuvuta pumzi.

Kisha, kwa mazoea tu, aliparua kitakoni mwa mtungi kwa ukucha, akatia udongo mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

“Vigae umevitoa wapi?”

“Darini, mama.”

Alimeza. Hakutema kama desturi yake, alimeza. Akaingia ndani, na tangu saa hiyo akawa kiziwi.

Nilikuwa nimeuona uziwi ule ukifanya kazi kwa serikali, nikauona ni mchezo. Sasa ulipogeuziwa mimi niliuona ulivyo. Nilimsalimu asubuhi, hakusikia. Nilimwekea uji, akala bila kuniona. Niliomba msamaha bila kujua naombea nini, nikaongeza sauti, na nilipojisikia nikipaza maneno sikioni mwake nilijua nimekuwa Bwana Shauri. Siku ya pili nilimfuata mume wangu machungani, alikokuwa ameamua ghafla kwamba ng'ombe wanahitaji uangalizi zaidi.

Alinieleza huku akitazama pembeni. Mama yake alipoolewa kutoka upande wa Mkalama alikuja na mtungi kichwani, kazi ya mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa ameshakufa mtungi ulipovunjika. Kwa wanawake wa ukoo ule mtungi wa mama haufi ukivunjika. Kila msimu mfinyanzi huchota ngumi moja ya vigae vyake na kuitia kwenye udongo wake, na ndani ya mtungi ule wa bibi vilikuwemo vigae vya mama yake bibi, na ndani ya huo vya mwingine, mpaka huko nyuma ambako hakuna anayekumbuka. Mama alikuwa amevitumia kwa ubahili miaka yote ili vibaki vya kumpa binti yake, siku binti atakapokubali kufinyanga. Mkamwana si wa tumbo lake. Ndiyo maana hakuniambia.

Nilimwuliza mume wangu nifanye nini. Akasema labda niende kwetu kidogo, mpaka mvua zianze. Ilikuwa kiangazi.

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Nilikuwa nimewasaga wanawake wote wale kwa siku mbili huku nikinung'unika kwamba ni wagumu. Nilirudi nyumbani, nikafunga kanga zangu mbili kwenye kitambaa, nikaziweka nyuma ya mlango. Sikuogopa kurudi kwetu, kwetu walinipenda. Niliogopa kwamba nitaondoka pale, na sitashika udongo tena, na mtu pekee aliyenifundisha kitu atakufa akinikumbuka kwa hilo.

Siku ya nne mama mkwe aliniita.

Alikuwa amekaa uani, sufuria ya wifi iko mbele yake, akaniagiza maji. Nilipoleta nilielewa. Chungu kibichi hakijawa chungu bado. Ukikitia maji kinarudi udongo, na udongo huo ulikuwa na vigae vyote vya bibi ndani yake. Angeweza kuvilowesha vyote tisa, kukanda upya, kufinyanga vyake kwa mkono wake na mdomo wake, na ingekuwa kama sikuwahi kuwepo. Ilikuwa haki yake. Nilisimama na kibuyu cha maji nikingoja aanze na kile kilicholewa.

Akachukua ule mtungi wangu mzuri. Akaubonyeza kwa viganja viwili, ukapasuka kwa sauti ndogo kavu, akauvunjavunja ndani ya sufuria, akamwaga maji. Nililia, na sikuficha. Alinitazama nikilia mpaka nikamaliza.

Kesho yake udongo ulikuwa umelainika. Akanisogezea sufuria, akafungua pindo la kanga, ile kanga ya safari, mafundo mawili. Haukuwa ugoro. Ilikuwa ngumi moja ya vigae vinavyometameta, vya mwisho, alivyokuwa amevichota kwenye kilindo kabla ya kwenda.

“Saga na hivi,” alisema.

Nikamwambia mama, hivyo ndivyo vilivyobaki.

“Najua kuhesabu. Nimepanda malori mawili na treni kwenda kumbembeleza mtu avichukue. Amenicheka, akanipa sufuria. Nimerudi, nakuta wewe umeshachukua, hukubembelezwa wala hukuniuliza.” Akavimwaga kwenye jiwe. “Wizi ni wizi. Lakini wewe ulitaka.”

Nilisaga. Safari hii sikunung'unika. Nilisaga kila chembe, nikafagia jiwe kwa unyoya wa kuku. Nilipokanda na kuinua tumbo la mtungi, alikuwa amekaa karibu yangu, na ulipofika wakati wa mdomo nilimpisha. Hakunyanyuka. Alinipa ngozi yake mwenyewe, ile iliyokuwa laini kwa miaka ya vidole vyake, akasimama nyuma yangu, akanishika kiunoni kwa mikono miwili kama anayefundisha mtoto kutembea, ila tulikuwa tunakwenda nyuma. Akaniambia kosa langu. Mimi hutazama mdomo wa chungu ninapoufunga, nikitaka uwe mzuri. Nitazame upande wa pili, ule nilioumaliza. Mkono utajua wenyewe. Tulizunguka hivyo, mama mzee na mkamwana wake tumeinama matako juu, na ikiwa kuna aliyepita njiani asubuhi ile sijui alifikiri nini.

Duara likakutana. Alifumba macho, akapitisha kidole, akasema bado unasengenya, lakini kwa sauti ya chini.

Vyungu vilipokauka tulivichoma, tukavifunika kwa magome na samadi kavu, tukakaa upande unakotoka upepo tukisikiliza. Viwili vilipasuka, tukasikia kabisa, pu, pu. Cha kwanza kilikuwa kile kilicholewa. Alisema udongo ulisikia nilipokuwa nikimtukana bibi kule jiweni. Mtungi ulitoka mzima, mwekundu, na upande mmoja mweusi ulipolambwa na moshi, na kwenye jua ulimetameta kidogo. Hatukuuza hata kimoja cha uchomaji ule. Tulivipikia, tukavinywea, na vile vilivyopasuka tukavirudisha kwenye kilindo. Sufuria ya wifi ikawa ya kulowekea udongo, haikupikia kitu hata siku moja, na wifi alipokuja kututembelea akaikuta imejaa matope alikaa nusu siku bila kusema nasi.

Mama mkwe aliishi mpaka Mwingereza alipokaribia kufunga virago. Hakuniita mwanangu hata mara moja, alikuwa na aibu ya mambo hayo. Alinitambulisha kwa wageni kwa namna yake: huyu ndiye aliyemsaga mama yangu. Wageni wakakodoa macho, naye akafurahi siku nzima. Gulioni mtu akipitisha kidole kwenye mdomo na kusita, alisema kwa sauti, huo ni wa mwizi, chukua, ni mzuri. Alipokuwa mgonjwa, miezi ile ya mwisho, alikataa maji ya mtungi mwingine wowote. Nilimletea ya mtungi ule, akapitisha kidole kwenye mdomo wake kabla ya kunywa, kila mara, akiwa amefumba macho. Siku moja aliniuliza huu ni wangu au wako. Nilimwambia ni wangu mama. Akasema unanidanganya. Sikujua kama anatania, na nimechagua kuamini kwamba hakuwa anatania.

Mtungi huo nimeishi nao mpaka nimekuwa mzee kuliko alivyokuwa yeye. Mwaka jana niliuvunja mwenyewe, kwa mikono yangu hii ya kukamulia, ambayo sasa inatetemeka. Nimeviokota vigae vyote, nimevifunga kwenye ngozi ya mbuzi, nimeviweka darini, siku hizi juu ni bati lakini dari nilisema ibaki. Mabinti zangu wako mijini na ndoo zao za plastiki. Mke wa mwanangu mdogo tunaishi naye hapa. Ni mtoto wa duka, mikono laini, hajui kitu, lakini juzi nilimkuta uani, alipodhani nimelala, anazunguka ndoo kinyumenyume.

 Ngazi ya kupandia darini nimeiacha imeegemea pale pale jikoni, na kila Jumapili nikitoka kwenda kanisani natangaza kwa sauti kwamba leo nitachelewa kurudi.